Maneno ya Silabi Mbili

Mara ya kwanza alipogonga mlango wangu nilijua amekuja kulalamika. Nilikuwa jikoni nakaanga vitunguu huku naimba, na katika jengo letu la Don Mills, hapa Toronto, kuta ni nyembamba mno. Jirani akipiga chafya, unamwitikia "afya" ukiwa kwako. Nikafuta mikono, nikafungua mlango na samahani yangu iko tayari mdomoni. Nikamkuta mzee mrefu, mwembamba, kavaa sweta na tai, miguuni ndara za nyumbani, uso umejikunja kama mtu anayeumwa.

"Wewe ndiye unayeimba?" akaniuliza kwa Kiingereza chake kizito.

"Samahani sana, nitapunguza sauti."

"Usipunguze. Lakini hiyo ni sauti ya pili. Wiki nzima unaimba sauti ya pili. Wimbo wenyewe uko wapi?"

Jamani! Ni kweli, mimi ni wa sauti ya pili tangu nikiwa msichana kwenye kwaya ya usharika wetu kule Lushoto. Nikiwa peke yangu naimba hiyo hiyo, wala sijiulizi. Kumbe mzee wa watu alikuwa amekaa chini ya sakafu yangu siku zote hizo akisikiliza ubavu wa wimbo bila wimbo, na kazi zake zimemshinda. Basi nikamwimbia sauti ya kwanza pale pale mlangoni, kwa kubabaisha, mwiko mkononi. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema "ahsante," akageuka, akashuka ngazi. Hata jina hakutaja.

Baadaye ndipo nilipojua kwamba ni mtunzi wa muziki kutoka Hungaria, na kwamba nusu ya watoto wa mitaa ile wamepita kwenye piano yake. Sisi tulimwita Mwalimu, na hapa nitamwita hivyo hivyo. Sasa hayupo. Nataka kumweleza mapema alivyokuwa, maana marehemu tukishawazika huwa tunawapamba mpaka wenyewe wangejishangaa.

Kwanza, masikio. Yule bwana aliishi kwa masikio kama wengine wanavyoishi kwa tumbo. Lifti yetu ikifika ghorofani inalia kikengele, na yeye kila siku alikiitikia kwa kuguna, kwa kuwa alisema kimeshuka kidogo, hakijafika kwenye noti yake. Aliwahi kumwendea msimamizi wa jengo kumweleza kwamba kengele ya lifti na kengele ya mlango wa chini hazipatani, na pengine ndiyo sababu wapangaji nao hawapatani. Msimamizi akatoa kalamu akamuuliza anamlalamikia jirani yupi. "Silalamikii jirani," akasema Mwalimu. "Nalalamikia kengele."

Mimi nafanya kazi mapokezi kwenye kliniki ya meno. Daktari wetu ni mtu mzima, ana mvi na wajukuu, lakini utotoni alifundishwa piano na Mwalimu. Siku Mwalimu alipokuja kung'olewa jino, nilimwona daktari ananyoosha mgongo mwenyewe kabla hajaingia chumbani. Mwenye koleo ni yeye, na mwenye hofu ni yeye! Mwalimu akafungua mdomo, kisha akaufunga tena.

"Mkono wako wa kushoto bado mzembe?"

"Kidogo, Mwalimu."

"Basi ning'oe kwa wa kulia."

Kwao alikuwa mtu mwenye jina. Hilo hakuniambia kwa kujisifu, ila lilimtoka vipande vipande, akizungumzia kitu kingine: mara okestra fulani ilikataa kupiga kazi yake kwa sababu wapiga tarumbeta walichoka, mara ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa ngazini. Kisha mambo ya nchi yakaharibika, vifaru vikawa mitaani, naye akaondoka na mkewe wakiwa vijana bado. Toronto haikuwa ikimsubiri. Akaanza kufundisha watoto, na akafundisha watoto maisha yake yote.

Sasa watu husema kwa huruma, "masikini, mtunzi mkubwa akaishia kufundisha watoto." Msimhurumie. Kila mtoto alimtungia kipande chake mwenyewe, kwa kipimo cha vidole vyake, kama fundi anavyopima suti. Kipo cha paka anayekataa kuoga. Kipo cha theluji ya kwanza, na kipo cha mkono wa kushoto peke yake, alichomtungia yule daktari kumkomoa. Binti yangu Neema aliandikiwa kiitwacho "Sitaki", kwa sababu ndilo neno pekee la Kiswahili alilokuwa akinijibu wakati ule. Mengine yote anayasikia vizuri sana na kuyajibu kwa Kiingereza.

"Haikuumi kutunga vitu vidogo hivi?" nilimuuliza siku moja.

"Vidogo?" Akanitazama juu ya miwani. "Vidole kumi vinavyotii ni watu kumi. Wewe nyumbani kwako unao wangapi wanaotii?"

Ninao wawili, na hakuna anayetii.

Lakini palikuwa na kitu kimoja ambacho hakikuwa cha mtoto yeyote. Mkewe alipofariki, kabla sijamfahamu, Mwalimu alimtungia wimbo wa kwaya, kwa lugha yao ya Kihungaria. Ulikaa juu ya piano yake na hapakuwa na aliyewahi kuuimba. Wazee wa kwao waliobaki mjini wanaijua lugha lakini pumzi hawana. Kwaya za mjini zina pumzi lakini lugha hazina, nao kwa Kiingereza aliujaribu akaona ni kumvalisha mkewe nguo za jirani. Na juu ya hilo, masikio yake yalikuwa yanakwisha. Daktari wa masikio alikwishamwambia wazi: sauti nyembamba zitakwenda kwanza, nzito zitafuata. Kwa hiyo Mwalimu alikuwa na haja moja tu duniani, wala hakuificha. Alitaka ausikie ule wimbo ukitoka kwenye vinywa vya watu, hata mara moja, kabla masikio hayajafunga.

Kwenye kwaya yetu nilimpeleka mimi. Tunakutana Jumamosi alasiri kwenye chumba cha chini cha kanisa, watu wa Tanzania, Kenya na Kongo, wengine wanaendesha gari kutoka Mississauga kwenye msongamano ule unaoufahamu. Kiongozi wetu alikuwa amehamia Alberta kutafuta kazi, akatuacha kama kuku waliokosa mlango.

"Mimi si mtu wa kanisa," Mwalimu akaniambia.

"Usijali. Nusu ya besi wetu wanakuja kwa ajili ya pilau."

Siku ya kwanza akasimama mbele yetu akaanza kuonyesha noti kwa mikono, jinsi anavyofundisha watoto: ngumi ni do, kiganja kikilala ni mi, na kuendelea. Hajafika mbali, sisi tumeshaimba. Akabadilisha, tukaimba. Akaruka huku na huku kututega, tukamfuata. Ngumi yake ikabaki hewani.

"Nani amewafundisha solfa?"

Bibi mmoja wa Lushoto, tunayemwita Bibi Kwaya kwa kuwa ameimba tangu dunia ikiwa changa, akamjibu, nami nikamtafsiria: "Mwambie sisi kwetu hatukuwa na piano. Tulikuwa na ubao, chaki, na zile herufi, na mwalimu mwenye fimbo."

Mwalimu akavuta kiti akakaa. Akavua miwani akaifuta kwa tai. Nilidhani tumemuudhi, kumbe amefurahi mpaka amekosa pa kuiweka furaha yake. Tangu hapo hakutuonea huruma hata kidogo. "Polepole si sawa na kwa huzuni!" alikuwa akitufokea. "Kimya nacho kina urefu wake, msikikate!" Na kwangu mimi, kila Jumamosi: "Mama Neema, usiimbe kama unaomba radhi."

Tatizo likawa Kiswahili. Kwao kila neno hukazwa mwanzoni, liwe fupi liwe refu, halina msamaha. Kwetu uzito uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Yeye hilo hakulijua, na Krismasi ile akatutungia wimbo kwa Kiswahili, zawadi yake kwetu, kaunakili kwa mkono wake mzuri. Tukaanza kuimba, "TUnakushukuru! TUnakuabudu!" Ala! Ikawa kama watu wanaosukuma gari bovu. Otieno, Mkenya wetu anayeendesha lori, alicheka mpaka akatoka nje kwenye baridi bila koti.

Halafu lile neno lake la kutusifu. Mume wangu, Baba Neema, alimfundisha kwamba jambo likiwa sawasawa kabisa tunasema "barabara". Sasa neno hilo ukikaza ile "ra" ya kwanza, umesema sawasawa kabisa. Ukikaza "ba" ya pili, umesema njia ya magari. Mwalimu akapata namna ya tatu, ambayo haipo: alikaza "ba" ya kwanza. BArabara! Si sifa, si njia ya magari, sijui ni nini. Tulimsahihisha mpaka tukachoka, na mwisho tukamwiga. Hata leo watu wa kwaya yetu wakiona jambo limekaa vizuri wanasema hivyo, na wageni kutoka nyumbani wanatushangaa.

Jambo jingine lilitufunga mimi na yeye, nalo lilikuwa kosa tulilolifanya wote wawili. Kiingereza kina "he" kwa mwanamume na "she" kwa mwanamke, na ole wako uchanganye. Kiswahili hakina hayo. Yeye ni yeye. Na Kihungaria vile vile! Kwa hiyo Mwalimu alipokuwa akimsimulia mkewe, ulimi wake ukiteleza, alikuwa akisema "he". He alipika supu hivi. He alikuwa mkali kwa mambo ya viatu. Baba Neema alinivuta pembeni siku moja.

"Mama Neema, huyu mzee wako, mkewe alikuwa dume?"

"Nyamaza wewe. Juzi mimi nimemwambia daktari kwamba mume wangu, she anakuja kunichukua, na daktari akaangalia mlangoni ataona nini."

Wengine walipomwona Mwalimu amechanganyikiwa, mimi nilimwelewa. Kichwani mwake mkewe alikuwa yeye, basi, hapakuwa na haja ya kutafuta zaidi.

Alikuwa na kasoro zake pia, tusidanganyane. Alikuwa na wivu. Mwanafunzi akimtaja mwalimu mwingine wa piano, anakwenda kufunga dirisha. Makofi aliyachukia, lakini yakikosekana ananuna mpaka wiki inayofuata. Alijidai anakula pilipili kuliko mtu yeyote, na kweli kwao wanatia pilipili nyekundu kila kitu, mpaka Bibi Kwaya alipomwandalia achari yake ya pilipili mbuzi. Wee! Machozi yalimtoka, kamasi zikamtoka, na bado alikataa maji, akisema ni mafua.

Ilikuwa jikoni kwake, nimempelekea mkate wa ndizi, aliponifungulia ule wimbo wa mkewe. Alisema amefikiri. Kama Kiingereza kimekataa, labda Kiswahili kitakubali. Nilikaa sawa, nikitegemea mambo ya malaika na mbinguni.

"Maneno yake ni yapi?" nikauliza.

"Maneno yake mwenyewe. Aliyokuwa akinipigia kelele asubuhi ninapotoka." Akaanza kunihesabia kwa vidole: nivae kofia. Nile kwanza. Nizime taa. Nirudi mapema. "Ndiyo maneno niliyoyasikia kuliko mengine yote maishani. Nilipomzika, nyumba ikanyamaza, sikujua tena nitoke vipi."

Nikaweka mkate chini, nikamwomba kalamu.

Tukaanza kazi. Nikamwambia "vaa kofia", akaweka kidole kwenye piano, akakunja uso: "fi" ndiyo nzito, na wimbo wake unataka uzito mwanzoni. "Rudi mapema" nayo, "pe" inavuta vibaya. Tulihangaika siku nyingi. Nilianza kuichukia lugha yangu mwenyewe, maana kila neno zuri lilikuwa refu na lilibeba mzigo wake pasipotakiwa.

Kisha siku moja Neema akapita kuaga, koti kalishika mkononi, nje theluji. Nikamkemea: "Vaa koti!"

Mwalimu akainua kidole. "Sema tena."

"Vaa koti."

Akapiga noti nne. Zikakaa. Akapiga tena. Ndipo tulipoona kilichokuwa mbele ya macho yetu: neno la silabi mbili, ya pili kutoka mwisho ndiyo ya kwanza. Hapo Kiswahili na Kihungaria vinakutana. Na amri za nyumbani, mwenzangu, karibu zote ni za silabi mbili! Vaa. Kula. Zima. Ngoja. Rudi. Lala. Mama anayemkemea mtu mlangoni hana nafasi ya maneno marefu.

Nikalitangaza kwenye kundi la kwaya la Whatsapp, na simu yangu haikupumzika. Watu wanatuma maneno wakiwa kazini, kwenye treni, dukani. "Kula kwanza" ikapatikana mara moja. "Zima taa" aliileta Ilunga, mtu wa Lubumbashi, mlinzi wa jengo moja la ofisi na besi wetu mzito kuliko wote. Lililobaki ni "mapema". Bibi Kwaya ndiye aliyetuma sauti yake, amenuna kama tumemchelewesha: "Hima! Siku hizi hamsemi hima? Rudi hima!"

Vaa koti. Kula kwanza. Zima taa. Rudi hima. Mwalimu alizunguka jikoni akiyasema, na kwa mara ya kwanza Kiswahili kilimtoka bila kosa.

Lakini masikio hayakumsubiri. Tulipoanza kuufanyia mazoezi, wimbo alikuwa amewapa akina mama wa sauti ya kwanza, hao ndio walikuwa mkewe. Wakaanza. Yeye akawatazama.

"Kwa nini hamuimbi?"

Walikuwa wanaimba. Midomo ilikuwa wazi mbele yake, na chumba kizima kinasikia isipokuwa yeye. Hakuna aliyethubutu kumwambia. Alielewa mwenyewe, kwa kutuangalia usoni. Akakusanya karatasi zake akaondoka, na mimi nililia kwenye choo cha kanisa kama mtoto.

Jumamosi iliyofuata akarudi. Alikuwa ameuandika wote upya. Sauti ya mkewe ameishusha kutoka juu mpaka chini kabisa, kule masikio yalikobaki, na kumpa Ilunga, Otieno na Baba Neema.

"Mke wangu sasa ni hawa watatu," akatangaza.

Baba Neema akanigeukia. "Si nilikwambia?"

Akina mama wakauliza, na wao je? Akasema wataimba juu, taratibu, kwa noti alizowaandikia. "Nyinyi sitawasikia. Nitawaamini."

Mpwa wake aliyeko Vancouver alikuwa anakuja kumchukua akaishi naye. Ilikuwa Jumamosi yake ya mwisho nasi. Tulizima redio na simu zote, tukazima hata friji ya jikoni isinguruke. Mwalimu akaweka kiti chake katikati ya besi, karibu nao mpaka magoti yanagusana, akaelekeza sikio moja kwa Ilunga. Akainua mkono.

Waliimba vizuri. Tuliimba wote vizuri, kwa heshima, kama tunavyoimba kwenye misiba yetu, vichwa vimeinama. Hawajafika kwenye "Zima taa", akakata.

"Nani amekufa?"

Tukatazamana. Ilunga, kwa upole wake: "Pardon, Mwalimu. Ni bibi yako."

Aliisoma midomo yake. "Hapana. Hapa hajafa! Hapa amesimama jikoni. Mimi nimechelewa, sijala, nimeacha taa zinawaka nyumba nzima. Kanionya jana, kanionya juzi. He is angry! Amekasirika! Nyinyi hamna wake?"

Wale wanaume watatu wakainua vichwa. Kisha nikaona Baba Neema anatabasamu polepole, ananitazama mimi, anapanga miguu. "Aa," akawaambia wenzake. "Hiyo si naijua? Njooni."

Wakaanza tena. Loo! Waliimba kwa kufoka, mikono kiunoni, "Vaa koti!" inaruka, "Kula kwanza!" inamfuata mtu mpaka mlangoni, na sisi juu yao tumejaza pale tulipoaminiwa. Mwalimu hakuongoza. Mkono wake ulikuwa umeshuka begani kwa Ilunga. Alikuwa amegeuza uso kidogo, shingo imejikunja, kama mtu anayefunga kamba za viatu huku anasemeshwa kutoka chumba kingine.

Walipofika "Rudi hima!" wakalikata kama alivyoandika, na kile kimya chenye urefu wake kikaingia.

Ndani yake, Mwalimu akajibu. Kwa sauti kubwa, ya kunung'unika, kwa lugha ya kwao, neno lile lile mara mbili. Si sauti ya mtu anayelia. Ilikuwa ya mtu mwenye haraka, mguu mmoja uko nje. Hakuna aliyecheka.

Nikamnong'oneza mume wangu, "Amesema nini?"

"Amesema, 'Nasikia, nasikia.'"

"Umejuaje, na Kihungaria hujui?"

Baba Neema alikuwa anafuta macho kwa mkono wa shati. "Ndivyo tunavyowajibu," akasema.